Mboga juu ya paa: chunga udongo kwanza

Wewe unayeishi katika nyumba ya ghorofa kule Umoja, Kayole, Huruma au Dandora huna shamba. Lakini huenda una paa la saruji ambako wapangaji huanika nguo. Hapo unaweza kukuza sukuma wiki, terere, managu na kunde za jamii yako. Mboga hizi zina madini ya chuma na vitamini A, ambayo watoto na akina mama wajawazito huhitaji sana.

Kilimo cha gunia si kigeni Nairobi. Shirika la Solidarités kutoka Ufaransa lilikieneza Kibera mwaka wa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi. Hata hivyo, mboga ya nyumbani haitakufaa ikiwa imepandwa katika udongo mchafu.

Udongo utoke wapi?

Mwaka wa 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilitoa ripoti kuhusu jaa la Dandora. Kati ya watoto 328 waliopimwa, karibu nusu walikuwa na mikrogramu 10 au zaidi za madini ya risasi katika kila desilita ya damu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Mboga huweza kuifyonza kutoka udongoni, na vumbi lake hushika majani. Kuosha hupunguza vumbi, lakini risasi iliyokwisha kuingia ndani ya jani haitoki kwa kuosha wala kwa kupika.

Kwa hivyo usichote udongo wala mbolea jaani, kando ya barabara kuu, karibu na gereji au ukingoni mwa Mto Nairobi. Nunua udongo wa shambani kwa muuzaji wa miche unayemwamini. Samadi iwe imeoza kabisa kwa miezi kadhaa, kwani iliyo mbichi huweza kuwa na mayai ya minyoo. Usitumie mikebe ya rangi au ya dawa za wadudu.

Je, paa litahimili?

Paa la mabati halifai. Hata la saruji lina kiasi chake, kwani gunia la mahindi likijazwa udongo na kumwagiwa maji hupita kilo 100. Jengo lililoporomoka Huruma Aprili 2016 liliua watu zaidi ya 40. Halikuangushwa na bustani, lakini linatufunza kwamba si kila ghorofa imejengwa imara. Mwombe mwenye nyumba ruhusa na ushauri wa fundi anayehitimu. Tumia magunia madogo au ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, uzitandaze juu ya kuta badala ya kuzirundika katikati. Paa lisilo na ukingo si mahali pa watoto.

Namna ya kupanda

1. Changanya debe 2 za udongo na debe 1 ya samadi.

2. Simamisha mkebe usio na kitako katikati ya gunia, uujaze kokoto. Zungushia udongo, kisha uvute mkebe juu na kurudia hadi gunia lijae. Maji yatapita kwenye kokoto hizo.

3. Toboa matundu ubavuni, upande miche humo na juu.

4. Mwagilia asubuhi na jioni maji ya mfereji au yaliyooshea mchele. Usitumie kamwe maji taka.

5. Funika matangi na umwage maji yaliyotuama, mbu wasizaliane.

Sukuma wiki iliyopandwa kwa miche huanza kuchumwa baada ya wiki 4 hadi 6. Chuma majani ya chini, uyaache ya juu yakue. Osha mboga kabla ya kukatakata, uipike kwa muda mfupi na mafuta kidogo, kwa sababu mafuta husaidia mwili kupokea vitamini A. Nawa mikono kwa sabuni kila utokapo bustanini.