SOMO LA USALAMA BAHARINI: KUPANDA NA KUSHUKA CHOMBONI PASIPO GATI

Wananchi wanaovuka baina ya Unguja na mwambao wa Bara, pamoja na wavuvi na wafanyabiashara wenye mizigo ya Bagamoyo, wanakumbushwa kuwa hatari ya safari haimo kilindini peke yake. Wasafiri wengi huomba dua tanga linapotwekwa, wakajisahau chombo kinapogusa mchanga. Ilhali ni hapo, penye maji ya magoti, ambapo mtu huweza kuvunjika mguu, kubanwa na ubavu wa chombo au kukipindua chombo chenyewe.

Sababu ni umbile la pwani. Ufuo wa Bagamoyo una mteremko mdogo, na maji yakipwa huacha wazi mchanga mpana. Uhaba huo wa kina ulikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya Wajerumani, mwaka 1891, wahamishie makao makuu ya utawala wao Dar es Salaam, penye bandari ya kina. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa huweza kukaribia mita 4. Kwa hiyo mahali palipokuwa na maji ya kifua alfajiri huenda pakawa pakavu kabla ya adhuhuri, na chombo kikapwelewa na kulala ubavu.

Kwa mnasaba huo, mambo yafuatayo yazingatiwe:

1. Kabla ya kupanda. Msafiri aulize mapema saa za maji kujaa na kupwa, wala asisubiri kuharakishwa. Jaketi la kujiokolea livaliwe angali mchangani. Aliyekwisha kutumbukia hana tena mikono ya kufungia kamba.

2. Ndani ya maji. Atembee kwa kuburura nyayo, ili taa aliyejifukia mchangani aondoke kabla ya kukanyagwa. Asisimame baina ya chombo na ufuo, kwani wimbi moja hutosha kukisukuma chombo kikamwangukia. Ikiwa ni boti ya mashine, asiisogelee mpaka mashine izimwe na rafadha isimame kabisa.

3. Wakati wa kupanda. Wapande mmoja mmoja, kwa amri ya nahodha. Mikono yote miwili iwe huru. Mzigo upokewe kando, na mtoto apokewe na mtu mzima aliyekwisha kukaa. Aliyepanda aende katikati, ainame, akae chini. Mtu mmoja akisimama ukingoni mwa mashua ndogo huilaza upande wake; wakiwa watatu, maji huanza kuingia.

4. Wakati wa kushuka. Hapa ndipo subira hupungua. Abiria huwaona jamaa zao ufukweni, wakainuka wote na kusogea upande mmoja. Wabaki wamekaa mpaka chombo kitulie na nahodha apime kina kwa upondo. Mtu asiruke, kwa kuwa maji yaliyotibuka huficha shimo, jiwe na nanga. Ateremke akiwa ameelekea chomboni, akishika kwa mikono miwili, mguu mmoja uguse chini kabla ya kuachia.

5. Boti iliyo juu ya tela. Boti zinazovutwa na gari hadi majini zina hatari yake. Tela lililofunguliwa kutoka kwenye gari huinuka mbele mtu akipanda upande wa tezi. Kwa hiyo magurudumu yatiwe vizuizi, tela libaki limefungwa kwenye gari, na itumike ngazi iliyofungwa imara. Ni marufuku mtu kubaki ndani ya boti inapovutwa, au kusimama nyuma yake inaposhushwa.

Somo hili si la nadharia tupu. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikiwa kimekaribia gati la kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Kilikuwa kimebeba watu wengi kupita uwezo wake, na nchi kavu ilikuwa ikionekana. Safari ile ilikuwa imebakiza hatua chache tu, na hatua hizo hazikufikiwa.

Manahodha wanaombwa wasione haya kumzuia abiria, awe mkubwa au mdogo, tajiri au maskini. Abiria nao wanaombwa wasimkasirikie nahodha anayewaambia wakae. Wazazi wawafundishe watoto mambo haya nyumbani, kabla ya siku ya safari. Msafiri ahesabu kuwa amefika pale tu miguu yake yote miwili inapokuwa juu ya mchanga mkavu.