Mafunzo Saba Niliyopata kwa Wachapishaji Wadogo wa Wales

Septemba 2009 nilifika Aberystwyth, mji mdogo wa pwani magharibi mwa Wales, kusomea ukutubi. Wakutubi wengi wa Afrika wamepita pale tangu chuo cha ukutubi kilipofunguliwa mwaka 1964, nami nilikwenda kwa nia ileile: nisome mwaka mmoja, nirudi Tanga, niendelee na kazi ya maktaba. Nilirudi na ndoto nyingine. Nilikuwa nimeona watu wachache, wengine katika vijiji vyenye mitaa miwili mitatu, wakichapisha vitabu kwa lugha yao wenyewe na kuviuza.

Leo nina kampuni ndogo ya uchapishaji hapa Tanga. Tuko watu watatu. Haya ndiyo niliyojifunza, mengine kwa kutazama, mengine kwa hasara.

1. Idadi ya wasemaji haichapishi vitabu

Sensa ya 2021 ilihesabu wasemaji wa Kiwelisi 538,300 ndani ya Wales. Mkoa wa Tanga peke yake, kwa sensa ya 2022, una watu zaidi ya milioni 2.6. Wiki yangu ya kwanza niliingia Siop y Pethe, duka la vitabu vya Kiwelisi lililofunguliwa Aberystwyth mwaka 1967. Nilikuta riwaya, mashairi, mapishi, wasifu wa wachezaji wa raga, vitabu vya watoto wasiojua bado kusoma, vyote kwa lugha niliyokuwa nimeambiwa inakufa. Nilisimama pale nikikumbuka maduka ya kwetu, ambako rafu ya Kiswahili ina vitabu vya mitihani, vya dini, na riwaya zilezile tulizosoma shuleni.

Tumezoea kujivunia kwamba Kiswahili kinasemwa kutoka Lamu hadi Kisangani. Ni kweli, na mimi pia najivunia. Lakini kitabu hununuliwa na mtu mmoja, aliyepata habari kwamba kipo, akakikuta dukani, siku ambayo ana fedha mfukoni. Wawelisi kwa uchache wao walilazimika kumtafuta mtu huyo kwa jina. Sisi tulimngoja aje.

2. Chagua kona yako, kisha uijue kuliko mtu yeyote

Mwaka 1986 kundi la wanawake lilianzisha kampuni ya Honno. Jina hilo ni neno la Kiwelisi la kuonyesha, na anayeonyeshwa ni mwanamke. Waliiendesha kwa ushirika, watu wa kawaida wakanunua hisa ili ianze. Kazi yao ni vitabu vya wanawake wa Wales, pamoja na kurudisha sokoni maandishi ya waandishi wa kike ambao vitabu vyao vilikuwa vimeadimika. Hawakujaribu kuchapisha kila kitu. Mtu akitaka sauti ya mwanamke wa Wales, alijua mlango wa kubisha.

Lakini walionigusa zaidi ni Barddas, kwa sababu mimi ni mtoto wa mji wa washairi. Wao huchapa mashairi. Wawelisi wana utunzi wa arudhi unaoitwa cynghanedd, wenye sheria za kupatanisha sauti ndani ya mshororo mmoja, konsonanti kwa konsonanti. Tangu 1979 redio yao imekuwa na kipindi ambacho timu za washairi hushindana, na mwaka niliokuwa pale msimamizi alikuwa mshairi Gerallt Lloyd Owen, akitoa maksi kwa kila utungo. Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa akikisikiliza huku akimenya viazi. Sikuelewa neno, ila nilielewa kicheko na mguno wa hadhira, maana ndivyo tulivyokuwa tukisikiliza mashairi redioni nyumbani kwa babu. Kipindi kinazaa wasomaji, wasomaji wanalisha mchapishaji, mchapishaji anawapa washairi sababu ya kutunga vizuri. Kwetu vina na mizani tunavyo, na malenga tunao. Mchapishaji wa kuwashughulikia wao tu ndiye adimu.

Pamoja na kuyaona hayo yote, nilipoanza mwaka 2013 nilitaka kuchapisha kila kitu: riwaya ya mapenzi, kitabu cha ujasiriamali, maswali na majibu ya darasa la saba. Vyote vitatu vilikwama. Cha nne kilikuwa cha fundi mashua mmoja wa Pangani, mzee aliyetaka tu maarifa yake yasizikwe naye: namna ya kulaza mkuku, kukunja mataruma, kukalafati. Nilikichapa kwa heshima yake, bila matumaini. Kikanunuliwa na wajukuu wa mafundi, na walimu wa ufundi, na wenye hoteli za ufukweni, na watu wenye asili ya Pangani wanaoishi Muscat walioagiza kwa ndugu zao. Tangu hapo tunachapisha bahari: vyombo, uvuvi, upepo, samaki na mapishi yake.

3. Chapa chache, kisha rudia

Riwaya yetu ya kwanza tulichapa nakala 3,000. Mpiga chapa alinieleza kwamba bei ya nakala moja inashuka ukichapa nyingi, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Maboksi yalijaa chumba cha nyuma. Masika ya pili mchwa walipanda kutoka sakafuni wakaanza na maboksi ya chini. Nilipoinua boksi la kwanza lilikuwa jepesi kama la mkate.

Y Lolfa, kampuni iliyoanzishwa na Robat Gruffudd mwaka 1967, iko kijijini Talybont, kilomita kama 11 kutoka Aberystwyth, na wakati ule ilikuwa na mitambo yake ya kuchapa palepale. Kitabu kikiisha walirudia, kisipoisha hawakuwa wamefunga mtaji wote kwenye karatasi. Sisi hatuna mtambo. Lakini mashine za kidijitali zimefika Dar es Salaam, na nakala 200 sasa zinawezekana. Kila moja inagharimu zaidi, nami nalipa hiyo tofauti bila kinyongo.

4. Mhariri alipwe kabla ya jalada

Katika Kiwelisi herufi ya kwanza ya neno hubadilika kufuatana na neno lililotangulia. Nchi yao ni Cymru, lakini katika sentensi utakuta Gymru, Nghymru, Chymru. Anayezungumza vizuri nyumbani anaweza kukosea akiandika, kwa hiyo hakuna kitabu kinachotoka bila jicho la mhariri aliyebobea. Nilifikiri ni tabu ya lugha yao. Kumbe ilikuwa nidhamu.

Muswada wa fundi wa Pangani nilimpa mhariri hodari wa Kiswahili sanifu kutoka bara. Aliondoa "taruma" kila lilipotokea, akaweka "mbao za ubavuni". "Omo" ikawa "mbele", "tezi" ikawa "nyuma". Nilimpelekea mzee kurasa. Alizisoma polepole, akavua miwani, akasema, "Mwanangu, huyu amenijengea chombo kingine." Tulianza upya. Tangu siku hiyo kila muswada wetu husomwa na watu wawili: mmoja anayejua lugha, mwingine aliyeishi na jambo lenyewe. Wote wawili hulipwa, na fedha ya jalada la rangi hutafutwa baadaye.

5. Mpelekee msomaji kitabu mahali alipokwisha kukusanyika

Agosti 2010 nilijitolea kwenye meza ya vitabu katika Eisteddfod ya Taifa, tamasha linalohama kila mwaka; zamu hiyo lilikuwa Ebbw Vale, penye kiwanda cha chuma cha zamani. Wiki nzima lugha ya jukwaani ni Kiwelisi. Washindani wa tuzo za fasihi hupeleka kazi kwa jina la bandia, na kazi iliyoshinda huchapwa mapema kwa siri. Tarumbeta inapigwa, mwandishi anaombwa asimame katikati ya umati, na muda huohuo maboksi yanafunguliwa mezani. Medali ya Nathari mwaka ule ilikwenda kwa Jerry Hunter kwa riwaya yake *Gwenddydd*. Ni mtu aliyezaliwa Marekani akajifunza Kiwelisi ukubwani. Watu walikuja mbio, nusu saa sikuinua kichwa.

Sisi hatuna Eisteddfod, lakini tuna mikusanyiko. Tumeuza vitabu kwenye maulidi, kwenye mashindano ya ngalawa, kwenye Nanenane, sokoni siku ya gulio. Katika mashindano ya ngalawa ya mwaka juzi tuliuza nakala nyingi kuliko maduka yote yaliyouza mwaka mzima.

6. Ruzuku haimwondolei mchapishaji heshima

Vitabu vingi vya Kiwelisi visingetoka bila fedha za umma. Hilo linasemwa wazi, na hakuna anayeona haya. Serikali yao hutoa, Baraza la Vitabu hugawa, wachapishaji huomba wakijua kazi zao zitapimwa. Nimewasikia wenzangu hapa wakisema kitabu kisichojilipia hakistahili kuchapwa. Barabara ya Pangani haikujilipia kabla ya kujengwa.

7. Kizito kibebwe kwa pamoja

Hili ndilo nililochelewa kulielewa, na nikiwa Aberystwyth nilipita mbele yake kila wiki.

Baraza la Vitabu la Wales lilianzishwa mwaka 1961, na ofisi zake ziko Castell Brychan, jengo lililo mlimani juu ya mji. Nililiona kama ofisi nyingine ya serikali. Siku tuliyotembezwa kwenye ghala lao ndipo nilipoona kazi yenyewe: rafu ndefu zenye vitabu vya wachapishaji tofauti, wakubwa na wadogo, bega kwa bega. Mwenye duka Bala au Caernarfon hapigi simu kwa wachapishaji 20. Anaagiza mahali pamoja, anapokea mzigo mmoja, ankara moja, analipa mara moja. Baraza lina pia wahariri na wasanifu wa majalada ambao kampuni ya watu wawili isingeweza kuwaajiri. Mchapishaji anabaki huru kuchagua kitabu na kubishana na mwandishi. Kupakia, kudai na kukumbusha kuna wenyewe.

Kwetu kila mmoja anabeba vyote. Nimeacha vitabu kwa mali kauli katika maduka ya miji sita, na nimetumia nauli kufuatilia fedha ndogo kuliko nauli. Duka moja lilifungwa na vitabu vyangu ndani. Mwenye duka naye ana malalamiko yake, na ni ya haki: hawezi kuweka daftari la wachapishaji 20 wenye kitabu kimoja kimoja, kila mmoja na bei yake na siku yake ya kuja kudai. Walter Bgoya, aliyeanzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991 baada ya miaka mingi Tanzania Publishing House, ni mmoja wa waliounganisha nguvu na wachapishaji wengine wa Afrika katika African Books Collective kule Oxford, ili vitabu vyetu viuzwe nje kupitia mlango mmoja. Msomaji wa Chicago amerahisishiwa. Wa Korogwe bado.

Mwaka jana wachapishaji wanne tulikodi chumba kimoja Barabara ya Ishirini. Mmoja anachapa vitabu vya watoto, mwingine mashairi, wa tatu tiba za asili, na sisi bahari. Tuna orodha moja ya bei, kitabu kimoja cha ankara, namba moja ya kupokelea malipo, na kijana mmoja anayepeleka mizigo stendi ya mabasi kila Jumatatu. Rafu ni za chuma, zimeinuliwa kutoka sakafuni. Duka la Moshi lililokuwa limekataa vitabu vyetu miaka mitatu lilichukua vya wote wanne mwezi wa kwanza, na limelipa.

Mchapishaji mwenzangu wa Lushoto, wa Mombasa, wa Unguja, mwenye maboksi chini ya kitanda: chumba chetu kina rafu mbili tupu. Lete vitabu.