GARI LIKICHEMKA: TUTAMBUE UGONJWA KABLA YA KUNUNUA DAWA

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kila anayepanda matatu au pikapu kutoka Kutus kuja Kianyaga amewahi kuliona gari limesimama kando ya barabara, boneti juu, mvuke ukifuka kama sufuria ya githeri, na makanga anakimbilia mtoni na mtungi. Abiria hushuka, na mara moja kila mtu huwa fundi. Huyu anasema, "Hiyo ni rejeta." Yule anasema, "Wacha, hiyo ni gasketi." Wa tatu anataka thamostati ing'olewe itupwe. Lakini je, ni nani kati yao amepima?

Nimechagua mada hii kwa sababu mbili. Kwanza, somo la joto tunalofundishwa katika Fizikia linaonekana vizuri zaidi chini ya boneti kuliko ubaoni. Pili, kukisia bila kupima kulitugharimu sana nyumbani, kama nitakavyoeleza.

MAJI YANAFANYA KAZI GANI?

Injini huchoma mafuta. Kwa makadirio ya kawaida, theluthi moja tu ya nguvu za mafuta hayo ndiyo huzungusha magurudumu. Theluthi nyingine hutoka na moshi kupitia ekzosti, na theluthi inayobaki huingia katika vyuma vya injini. Joto hilo lisipoondolewa, vyuma vitapanuka, vitapinda na kukwama.

Maji ndiyo hulibeba joto hilo. Tulijifunza kwamba kilo moja ya maji huhitaji jouli 4,200 ili joto lake lipande kwa digrii moja, hali kilo moja ya alumini huhitaji jouli 900 hivi. Kwa hivyo maji ni mpagazi hodari wa joto. Pampu huyasukuma kupitia injini, yanapita kwenye thamostati, yanaingia katika rejeta kupitia mpira wa juu, yanapozwa na upepo wa feni, kisha yanarudi injini kupitia mpira wa chini. Thamostati ni mlango mdogo unaojifungua wenyewe joto likifika kama digrii 82 hadi 88. Kabla ya hapo hufunga, ili injini ipate joto haraka asubuhi.

Juu ya yote kuna kifuniko cha rejeta. Wengi hudhani kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike tu. La hasha! Kifuniko kina springi na mpira, na huzuia mvuke usitoke mpaka shinikizo lipande. Vingi vimeandikwa 0.9 au 1.1, yaani huongeza shinikizo karibu sawa na lile la angahewa nzima. Shinikizo likipanda, maji hukawia kuchemka.

SISI TUNAOISHI MLIMANI

Mombasa, kando ya bahari, maji huchemka kwa digrii 100. Ukipanda mita 300 hivi, kiwango hicho hupungua kwa takriban digrii moja. Huku kwetu kwenye miteremko ya Mlima Kenya, katika kimo cha mita 1,500 hivi, maji huchemka kwa digrii 95. Ungeweza kuchemsha chai kwenye kilele cha Batian, mita 5,199 juu ya bahari, ingechemka kwa digrii 83 hivi.

Sasa fikiria gari lililobeba magunia likipanda kutoka Wang'uru kuja Kianyaga. Injini inafanya kazi kubwa, gia ni ndogo, mwendo ni wa kobe, upepo wa mbele ni kidogo, na maji yenyewe yako tayari kuchemka mapema kuliko ya Mombasa. Kifuniko kizuri kitayazuia yasichemke mpaka yapite digrii 110. Kifuniko kibovu kitayaacha yachemke kwa 95. Hiyo ndiyo sababu gari lenye ugonjwa mdogo linaweza kutembea salama tambarare za Mwea, kisha likaumbuka mlimani.

KISA CHA PIKAPU YA BABA

Baba ana pikapu kuukuu ya kubeba ndizi. Mwaka jana ilianza kuchemka ikipanda mlima tu. Ikiteremka haikuwa na neno. Fundi wa kwanza aliitazama kwa macho, akasema, "Rejeta imeziba. Nunua ingine." Baba alinunua. Pesa hizo zilikuwa za chakula changu cha mchana shuleni na za vitabu, kwa hivyo nilikaa nyumbani wiki mbili nikichuma kahawa huku wenzangu wakisoma. Naweza kusema karo yangu ilikuwa ndani ya rejeta ile.

Siku rejeta mpya ilipofungwa, pikapu ilipanda mlima, ikachemka pale pale ilipozoea.

Baba akaipeleka kwa mzee mmoja wa jua kali. Mzee hakushika spana. Aliuliza, "Inachemka wakati gani? Ikisimama au ikipanda?" Baba akajibu, "Ikipanda, mzee." "Na ikipoa, ile chupa ya plastiki kando ya rejeta inakuwaje?" Baba akasema, "Imejaa hadi juu, lakini rejeta yenyewe imepungua." Mzee akacheka. Akangoja injini ipoe kabisa, akafungua kifuniko, akatuonyesha mpira wake: ulikuwa umekauka na kupasuka kama kisigino. Fundi wa kwanza alikuwa amefunga rejeta mpya kwa kifuniko cha zamani!

Mzee alitueleza kwamba kifuniko kina milango miwili. Mmoja hutoa maji yaende chupani shinikizo likizidi; mwingine huyavuta yarudi injini ikipoa. Chupa ikijaa na rejeta ikipungua, na hakuna mpira wa kando unaovuja, basi mlango wa kurudisha umekufa. Kifuniko kipya kilikuwa na bei ndogo sana ukilinganisha na rejeta. Tangu siku hiyo pikapu inapanda bila matatizo. Mzee aliniambia, "Kijana, mgonjwa huulizwa kwanza, ndipo apewe dawa."

ULIZA: LINACHEMKA WAKATI GANI?

Hapa chini nimepanga dalili kama alivyonifunza mzee, pamoja na niliyoyathibitisha kwa vipimo:

1. Linachemka likisimama au kwenye msongamano, lakini likikimbia barabara kuu linapoa. Shuku feni. Ikiwa inazungushwa na mkanda, tazama kama mkanda umelegea. Ikiwa ni ya umeme, tazama fyuzi, waya na swichi yake. Gari likikimbia, upepo wa barabarani hufanya kazi ya feni.

2. Linachemka likipanda au likikimbia sana, lakini likisimama liko sawa. Shuku kifuniko kwanza, halafu rejeta iliyoziba. Tazama pia nje ya rejeta. Majani, wadudu na udongo wa barabara za majani chai huzuia upepo. Kuosha ni bure.

3. Linachemka dakika chache tu baada ya kuwashwa, na rejeta bado ni baridi. Shuku thamostati iliyokwama ikiwa imefungwa. Itoe injini ikiwa baridi, uitie katika sufuria ya maji jikoni. Nzuri hufunguka kabla maji hayajachemka. Hata huku kwetu ambako maji huchemka kwa 95, kipimo hiki kinafaa. Ikiwa mbovu, nunua nyingine. Usiitupe ukaacha pengo, kwa maana injini itatembea baridi, itakula mafuta mengi na kuchakaa mapema.

4. Maji yanapungua na unaona matone chini. Fuata unyevu mpaka chanzo chake: mipira, viungo vya rejeta, au pampu. Pampu ina tundu dogo chini yake. Maji yakitoka hapo, sili imekwisha.

5. Maji yanapungua na huoni tone hata moja. Hapa ndipo uogope gasketi ya hedi. Vuta kijiti cha oili: ikiwa inafanana na chai ya maziwa, maji yameingia. Tazama moshi: mvuke mweupe kidogo asubuhi ya baridi si ugonjwa, lakini ukiendelea injini ikishapata joto, ni ishara mbaya. Kisha, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, washa, utazame maji. Mapovu yakipanda bila kukoma, huenda moshi wa silinda unaingia majini.

6. Geji inasema moto, lakini hakuna mvuke, maji yamejaa na mipira si migumu. Huenda geji au sensa yake inadanganya. Kumbuka pia kinyume chake: maji yakiisha kabisa, sensa hubaki hewani na geji inaweza kuonyesha baridi hali injini inaungua.

Kanuni kuu ni hii: anza na kipimo cha bure, fuata cha bei ndogo, malizia na cha bei kubwa. Usianze na rejeta ukamalizia na kifuniko.

HATARI INAYOWAPATA MAKANGA

Wenzangu, wengine wetu hufanya kazi ya makanga wakati wa likizo. Tafadhali msifungue kifuniko injini ikiwa moto! Maji yaliyo ndani huenda yamefika digrii 110 na hayajachemka kwa sababu ya shinikizo. Ukifungua, shinikizo linatoweka, na mengine yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Kitambaa mkononi hakitakuokoa.

Gari likichemka, egesha kando, zima injini, weka jiwe nyuma ya gurudumu, na ungoje nusu saa au zaidi. Finya mpira wa juu ukishapoa. Ukiwa bado mgumu, shinikizo lipo, endelea kungoja. Usimwage maji baridi ya mto juu ya injini inayoungua wala ndani yake, kwani chuma cha moto kikipozwa ghafla huweza kupasuka. Hedi nyingi ni za alumini na bloku nyingi ni za chuma, na vitu hivi viwili havipanuki sawa. Ndiyo maana kulisukuma gari linalochemka "hadi pale sokoni tu" hupinda hedi na kuunguza gasketi. Kosa la kifuniko linageuka kosa la injini nzima.

Mtu akiungua, mwagilia mahali hapo maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Usipake unga, mafuta ya kupikia wala dawa ya meno.

Mwisho, maji ya mto yenye tope huacha uchafu na kutu ndani ya rejeta. Ni afadhali kulanti iliyochanganywa kama ilivyoandikwa kwenye mkebe. Kulanti huzuia kutu na pia huongeza kiwango cha kuchemka.

ZOEZI

(a) Matatu inachemka stendi ya Kutus lakini barabarani inapoa. Utatazama nini kwanza?
(b) Kwa nini gari lenye kifuniko kibovu huchemka mapema zaidi Nyeri kuliko Mombasa?
(c) Fundi amekwambia ununue rejeta. Taja vipimo viwili vya bure utakavyomwomba afanye kwanza.

Anayeweza kujibu yote matatu atamwokolea mzazi wake pesa, na pengine atajiokolea wiki mbili za masomo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwanza, ndugu msomaji, hakikisha umeuona ufa wenyewe uko wapi.