Halloween Katika Mtaa Mpya: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kila mwaka familia za Waswahili huhamia mtaa mpya Marekani, na kabla hazijamjua jirani wa pili, Oktoba inafika na vibaraza vimejaa maboga na mafuvu ya plastiki. Watoto wameshasikia habari zote shuleni: kuvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi. Maagizo haya ni ya wazazi.

Amueni mapema kama mnashiriki au hamshiriki. Halloween, tarehe 31 Oktoba, ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, uliochanganyika na sherehe za kale za Waselti. Waireland ndio hasa walioieneza Marekani katika karne ya 19. Yapo makanisa yanayoikataa, na Waislamu wengi hawaigusi. Mkikataa, kataeni kikamilifu: zimeni taa ya barazani, mwelezeni mtoto sababu, na mpangieni jambo jingine la kufurahisha jioni hiyo. Msimkataze saa kumi kisha mkamwachia saa kumi na mbili kwa sababu amelia. Wala msimwambie kwamba wenzake wanaabudu shetani. Kesho atakaa nao darasani, na atawaambia.

Msibahatishe siku wala saa. Mjini Des Moines, Iowa, wanakoishi Wakongo na Warundi wengi, desturi ya tangu 1938 ilikuwa watoto kutoka tarehe 30, na mtoto kutoa kichekesho kabla ya kupewa pipi. Miji mingine hutangaza saa ya kuanza na ya kumaliza. Muulizeni jirani.

Msigonge nyumba yenye giza. Taa ya barazani ikiwaka, karibuni. Ikizimwa, piteni. Msikatishe kwenye bustani za watu, msizunguke uani, msijaribu mlango wa pembeni. Katika hili sibembelezi mtu. Tarehe 17 Oktoba 1992, huko Baton Rouge, Louisiana, mwanafunzi Mjapani wa miaka 16, Yoshihiro Hattori, alikuwa akienda kwenye karamu ya Halloween pamoja na kijana wa familia iliyompokea. Wakakosea nyumba. Mwenye nyumba akatoka na bastola na kumwamuru asimame. Hattori hakusimama, akapigwa risasi, akafa. Mwaka uliofuata baraza la mahakama lilimwona mwenye nyumba hana hatia ya jinai. Kwetu aliyepotea hupiga hodi nyumba yoyote, akaelekezwa, pengine akapewa na maji. Msimwache mtoto aende na mazoea hayo Marekani. Mfundisheni, hata kama Kiingereza chake bado kichanga, amri ya kusimamishwa ikoje, na kwamba akiisikia asimame palepale, mikono ikionekana.

Hakuna bunduki ya kuchezea. Hata ya plastiki, hata kama vazi ni la askari na halijakamilika bila hiyo. Tamir Rice alikuwa na miaka 12 tu Novemba 2014, alipokuwa na bastola ya bandia katika bustani ya umma mjini Cleveland. Polisi alimpiga risasi sekunde chache baada ya kufika. Haikuwa Halloween, ilikuwa mchana, na alikuwa mtoto mweusi kama wenu.

Tembeeni nao kwa miguu. Si kuwafuata kwa gari polepole, maana gari ndilo hatari yenyewe. Utafiti wa takwimu za miaka 42, kuanzia 1975 hadi 2016, ulionyesha kuwa hatari ya mtembea kwa miguu kuuawa na gari jioni ya Halloween ilizidi ya jioni za karibu na siku hiyo kwa asilimia 43. Mpeni kila mtoto tochi. Mchoreni uso kwa rangi badala ya kumvika kinyago kinachomziba macho, na gauni lisiburute chini. Ndani ya boga wekeni taa ya betri, si mshumaa.

Nunueni vazi kubwa kuliko mwili wake, koti lipate kukaa ndani. Mwaka 1991 theluji ilianza Minneapolis siku ya Halloween, na ilipokoma siku chache baadaye ilikuwa imeshapita sentimita 70.

Msigawe kashata wala mandazi. Najua inauma, kwa sababu kumpa mgeni ulichopika mwenyewe ndiyo heshima yetu. Lakini wazazi wa huko hutupa chochote kisicho na karatasi ya kiwandani, wakihofia sumu. Hofu hiyo ilizidi mwaka 1974, mtoto mmoja wa Texas alipokufa kwa pipi yenye sumu, na aliyeitia sumu alikuwa baba yake mwenyewe, Ronald Clark O'Bryan. Mwanasosholojia Joel Best amefuatilia visa hivi kwa miaka mingi bila kuthibitisha hata kimoja cha mgeni kumuua mtoto kwa namna hiyo. Hata hivyo nunueni pipi zilizofungwa. Kashata mpelekeeni jirani siku nyingine, mkiwa mmeshajuana. Mkiona boga la rangi ya samawati-kijani, nyumba hiyo ina zawadi zisizo chakula kwa watoto wenye mzio wa karanga, maziwa na kadhalika.

Mzazi mmoja abaki mlangoni. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Watu ambao mwaka mzima huingia na gari gerejini bila kusalimia, jioni hiyo hupita mlangoni kwenu na watoto wao. Tokeni barazani. Semeni majina yenu, semeni mmehamia lini, waulizeni wao wanakaa nyumba ipi. Msikae ndani mkitazama televisheni huku bakuli la pipi likiwa nje peke yake.

Mtoto achukue moja, isipokuwa aambiwe aongeze, na ashukuru kabla hajageuka. Akikuta bakuli lisilo na mtu, bado ni moja.

Asile kitu njiani. Mkifika nyumbani, mwageni mezani pipi zote za foronya aliyokusanyia. Iliyofunguka itupwe. Waislamu wasome karatasi za pipi laini za kutafuna, kwa kuwa nyingi zina jelatini ya nguruwe. Hizo ziondolewe mbele yake, na afidiwe kwa nyingine mliyomwekea tayari.