Akili Unde Kliniki: Kompyuta Husoma Kilichoandikwa, Mgonjwa Aseme Yote

ELIMU YA AFYA KWA UMMA

Kila alfajiri watu wengi hutembea kutoka Kawangware kuingia Lavington kupitia barabara za Gitanga na James Gichuru. Ni walinzi, wasaidizi wa nyumbani, mafundi na wahudumu wa mikahawa. Wakiugua, wengi wao huenda kliniki saa ya chakula cha mchana au jioni baada ya kazi, tena kwa haraka. Waajiri wao pia wana kliniki zao. Siku hizi, mwajiri na mwajiriwa wote wanaweza kuhudumiwa na mtaalamu ambaye kompyuta iliyo mezani inamshauri kwa kutumia akili unde, ambayo wengi huiita AI.

Makala haya yanaeleza jinsi teknolojia hiyo inavyofanya kazi, utafiti uliofanywa hapa Nairobi ulipata nini, na mgonjwa anapaswa kufanya nini ili imfae.

Akili unde kliniki ni nini?

Ni programu ya kompyuta iliyofunzwa kwa maandishi mengi hadi ikaweza kusoma maelezo na kuyatolea maoni. Kliniki, programu ya aina hii husoma anachoandika mhudumu kwenye rekodi ya mgonjwa: dalili, vipimo, ugonjwa uliotambuliwa na dawa zilizoandikwa. Ikiona kasoro, humkumbusha mhudumu. Haimgusi mgonjwa, haisikii kikohozi chake wala haioni uso wake.

Utafiti wa Nairobi

Mfano ulio karibu na wakazi wa kaunti hii ni wa Penda Health, shirika lenye mtandao wa kliniki za huduma za msingi Nairobi. Mapema mwaka wa 2025, kwa ushirikiano na kampuni ya OpenAI ya Marekani, shirika hilo lilijaribu programu iitwayo AI Consult katika kliniki 15. Ziara 39,849 za wagonjwa zilihusishwa. Baadhi ya wahudumu walikuwa na programu hiyo, wengine hawakuwa nayo. Matokeo yalitolewa Julai 2025.

AI Consult hutumia rangi tatu kama taa za barabarani. Kijani maana yake ni kwamba programu haijaona tatizo. Manjano ni ushauri ambao mhudumu anaweza kuusoma akiona unafaa. Nyekundu ni tahadhari ya usalama, na mhudumu hana budi kuisoma kabla ya kuendelea. Hata baada ya nyekundu, uamuzi hubaki kwa mhudumu.

Madaktari 108 wasiohusika na kliniki hizo, 29 kati yao wakiwa Kenya, walikagua sehemu ya rekodi. Walipata kwamba wahudumu wenye programu walifanya makosa machache zaidi: asilimia 16 pungufu katika kutambua ugonjwa na asilimia 13 pungufu katika matibabu. Kwa maneno mepesi, pale ambapo wahudumu wasio na programu wangekosea utambuzi mara 100, wenye programu walikosea takriban mara 84. Makosa yalipungua, lakini hayakwisha.

Kuna mambo mengine mawili ya kuzingatia. Kwanza, manufaa yalionekana vizuri baada ya wahudumu kufunzwa na kufuatiliwa na wenzao. Kuweka programu kwenye kompyuta pekee hakukutosha. Pili, wagonjwa walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa ndogo mno kuweza kuthibitisha kwamba programu ndiyo iliyosababisha. Tena, kampuni iliyotengeneza teknolojia hiyo ilishiriki katika utafiti, kwa hiyo tafiti huru bado zinahitajika.

Mfano: mlinzi wa lango

Chukua mfano wa mlinzi wa umri wa miaka 52 katika mtaa wa nyumba za kupanga. Amekohoa wiki tatu, hutoka jasho usiku na suruali imeanza kumlegea kiunoni. Amekwisha kununua antibiotiki katika duka la dawa mara mbili. Lakini anahofia kwamba akisema yote ataambiwa ana kifua kikuu, habari zitamfikia msimamizi, na lango litapewa mtu mwingine. Anamwambia mhudumu: “Ni homa tu, imeanza juzi.”

Mhudumu anaandika kikohozi cha siku mbili na kutoa dawa ya mafua. Programu inasoma maneno hayo na kuonyesha kijani, kwa sababu haikosei kwa mujibu wa ilichoandikiwa. Mlinzi anarudi langoni na ugonjwa wake, na jioni anarudi kwa watoto katika chumba kimoja.

Kama angesema wiki tatu, jasho na kukonda, mhudumu mwenyewe huenda angeagiza kipimo cha makohozi. Na kama foleni ndefu ingemsahaulisha, programu ingekuwa na kitu cha kumkumbusha. Matibabu ya kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma, na ugonjwa huo hupona dawa zikimalizwa.

Kwa hiyo rangi ya kijani haimaanishi kuwa mgonjwa ni mzima. Inamaanisha kwamba yaliyoandikwa yanalingana na tiba iliyotolewa.

Sheria inasemaje?

Hofu ya mlinzi huyo si ya kupuuzwa, na sheria inamlinda. Chini ya Sheria ya Afya ya 2017, habari za mgonjwa ni siri na hazitolewi ovyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Inampa mwananchi haki ya kuelezwa data yake inatumiwaje, kuiona, na kutaka makosa yarekebishwe. Pia inampa haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaofanywa na mashine peke yake. Malalamiko kuhusu data hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Ukienda kliniki

1. Sema dalili zilianza lini hasa. Siku mbili na wiki tatu ni habari tofauti kabisa.
2. Taja kila dawa uliyotumia, zikiwemo za duka la dawa na za mitishamba. Ukiweza, beba pakiti.
3. Taja ujauzito, kisukari, shinikizo la damu na dawa zinazokudhuru.
4. Uliza: “Je, mnatumia akili unde hapa? Habari zangu zinahifadhiwa wapi?”
5. Kabla ya kutoka, muulize mhudumu ameandika nini, na umrekebishe pale alipokosea.
6. Usipopata nafuu, rudi. Usisubiri kwa kuwa kompyuta haikuona tatizo.

Ushauri huu unahusu simu pia. Watu wengi sasa huuliza programu za simu kuhusu dalili zao. Programu hizo hujibu kulingana na swali tu, na mara nyingi hakuna mhudumu anayewajibika kwa jibu hilo. Usiziandikie jina kamili wala nambari ya kitambulisho, na usitumie jibu lake kununulia dawa. Mtoto anayeshindwa kunyonya, mama mjamzito anayetokwa na damu au mtu mwenye maumivu makali ya kifua apelekwe hospitali mara moja.

Maswali ya kujadili nyumbani, katika chama au mkutano wa Nyumba Kumi

1. Ni mambo gani huwa tunamficha mhudumu wa afya, na kwa nini?
2. Mwajiri afanye nini ili mfanyakazi wake asiogope kusema kwamba anaumwa?
3. Kliniki tunayoitumia imetueleza inavyotunza habari zetu?