Masikio Mawili, Maikrofoni Mbili

Katika masomo yaliyotangulia ulijifunza kwamba sauti hutokana na mtetemo, na kwamba husafiri hewani kwa mawimbi. Katika somo hili utajifunza jinsi tunavyotambua mahali sauti inapotoka, na jinsi fundi anavyotumia maarifa hayo anaponasa muziki wa piano.

Fikiri kwamba umesimama juu ya mtelemko huko Lukozi, wilayani Lushoto, asubuhi yenye ukungu. Humwoni mtu anayelima kabichi bondeni. Hata hivyo, jembe lake likigonga jiwe, waweza kunyosha kidole mahali alipo. Umejuaje?

Jaribio. Tafuta kipande cha mpira wa kumwagilia bustani chenye urefu wa mita moja. Pima katikati yake, utie alama ya chaki. Pitisha mpira nyuma ya mgongo wako, kisha weka ncha moja karibu na tundu la sikio la kulia na ncha nyingine karibu na sikio la kushoto. Usisukume mpira ndani ya sikio. Fumba macho. Mwambie mwenzako augonge polepole kwa penseli: kwanza kwenye alama, kisha sentimita 5 upande wa kulia wa alama, kisha sentimita 5 upande wa kushoto. Kila anapogonga, sema sauti imetoka upande gani.

Bila shaka ulipata mara nyingi. Sasa tupige hesabu. Mwenzako alipogonga sentimita 5 upande wa kulia, sauti ilisafiri sentimita 45 kufika sikio la kulia, na sentimita 55 kufika sikio la kushoto. Tofauti ni sentimita 10. Katika hewa ya baridi kiasi, kama ya Lukozi, sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo sikio la kushoto lilichelewa kwa sehemu moja tu ya 3,400 ya sekunde! Saa ya ukutani haiwezi kupima muda huo, bali ubongo wako huupima bila wewe kujua. Vilevile hulinganisha nguvu ya sauti katika masikio yote mawili.

Maikrofoni ni kifaa kinachogeuza mtetemo wa hewa kuwa mtetemo wa umeme. Maikrofoni moja ni kama sikio moja. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Katika sahani za siku zile sauti yake na za ala zote zilichanganywa kuwa mkondo mmoja, hivyo msikilizaji hakuweza kutambua nani alikaa kulia na nani kushoto. Mwaka 1931 Alan Blumlein, mhandisi wa Uingereza, aliomba hataza ya njia ya kunasa sauti kwa mikondo miwili, mmoja kwa kila upande. Njia ya namna hiyo leo huitwa stereo.

Piano kubwa ni ala inayohitaji sana njia hiyo. Ina vibao 88 vya kubonyeza na nyuzi zaidi ya 200 zilizolazwa ndani ya sanduku la mbao. Kila kibao huinua nyundo ndogo iliyovikwa sufi, nayo hugonga nyuzi. Mfuniko ulioinuliwa huelekeza sauti upande mmoja. Huko ndiko maikrofoni zinakowekwa, yapata mita moja au mbili kutoka kwenye piano. Zikiwekwa karibu mno na nyundo, zitanasa mgongano kuliko muziki.

Zichaguliwe maikrofoni mbili za aina moja. Zile zenye sumaku na koili ya waya ni imara, nazo huvumilia kushikwashikwa na waimbaji. Kwa piano, mafundi wengi hupendelea zile zenye utando mwembamba mbele ya bamba lenye chaji ya umeme, kwa kuwa utando huo hutikiswa hata na sauti hafifu.

Hapa pana hatari. Fikiri kwamba sauti imechelewa kufika kwenye maikrofoni moja kwa sababu iko sentimita 17 mbali zaidi. Muda huo ni sehemu moja ya 2,000 ya sekunde. Sauti inayotetemeka mara 1,000 kwa sekunde hutumia muda huo kwa nusu ya mtetemo mmoja. Basi maikrofoni moja inaposukumwa, nyingine inavutwa. Redio nyingi zina spika moja tu. Ndani yake mikondo miwili hujumlishwa, na sauti hiyo hufifia. Muziki uliokuwa mzuri katika spika mbili husikika kana kwamba unatoka ndani ya debe.

Kwa hiyo fundi mwangalifu aweza kuweka vichwa vya maikrofoni pamoja, kimoja juu ya kingine, kimoja kikielekea kulia na kingine kushoto. Sauti huvifikia kwa wakati mmoja, ikitofautiana nguvu tu. Kuzitenganisha hufanya muziki usikike mpana zaidi, lakini lazima fundi asikilize pia kwa spika moja kabla ya kumruhusu mpigaji aende zake.

Mazoezi

1. Maikrofoni moja iko sentimita 34 mbali zaidi na piano kuliko nyingine. Sauti itachelewa kwa muda gani?

2. Rudia jaribio la mpira, lakini mwenzako agonge sentimita 2 tu kutoka kwenye alama. Je, bado unatambua upande?

3. Wanakwaya 12 wamesimama katika mstari mmoja. Chora mahali utakapoweka maikrofoni mbili, kisha ueleze sababu yako.