Betri za lithiamu: nunua saa za mwanga, usinunue maandishi

SOMO LA WIKI: SOKO LA MASASI NA NEWALA

Kila mwaka minada ya korosho inapoanza mwezi Oktoba, fedha huingia Masasi na Newala kwa wingi na kwa muda mfupi. Wakulima wakishalipwa kupitia vyama vyao vya msingi, vifaa vidogo vya umeme hutoka haraka madukani: taa za sola, tochi, redio, simu, pawabenki, feni ndogo na mashine za kunyolea. Zamani mwenye duka alihitaji kujua betri kavu tu, kubwa na ndogo. Siku hizi vingi kati ya vifaa hivyo vina betri ya lithiamu ya kuchaji ndani yake, na betri hiyo ndiyo inayoamua kama mteja atarudi kununua tena au atarudi kudai fedha zake.

Hoja ya somo hili ni moja. Betri ya lithiamu ni bidhaa inayochakaa hata ikiwa haijatumika. Kwa hiyo mfanyabiashara aichague kwa hesabu ya wati-saa na idadi ya mizunguko ya kuchaji, wala asiiweke ghalani kupita msimu mmoja.

AINA MBILI ZA KUJUA

Betri ya lithiamu ya kuchaji iliingizwa sokoni kwa mara ya kwanza na kampuni ya Sony ya Japani mwaka 1991. Mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyoizaa. Ndani ya betri hizi upande mmoja huwa na kinywe, madini yanayopatikana pia Ruangwa katika mkoa jirani wa Lindi. Upande wa pili ndio unaotofautisha aina.

Aina ya kwanza hutumia kobalti, mara nyingi pamoja na nikeli na manganizi. Volti yake ya kawaida ni 3.6 au 3.7, na ikijaa hufika 4.2. Ni nyepesi na hubeba nishati nyingi, ndiyo maana simu na pawabenki nyingi huitumia. Kwa matumizi ya kila siku, nyingi huanza kuchoka baada ya mizunguko 300 hadi 500.

Aina ya pili ni lithiamu ya fosfeti na chuma. Kwenye kasha huandikwa LFP au LiFePO4. Volti yake ya kawaida ni 3.2, na kuchaji hukoma kwenye 3.65. Ni nzito zaidi kwa nishati ileile, lakini huvumilia joto vizuri, si rahisi kushika moto, na iliyotengenezwa vizuri huweza kufika mizunguko 2,000 au zaidi.

Kwa kifaa kinachobebwa mfukoni, aina ya kwanza inafaa. Kwa taa ya sola inayokaa nyumbani na kuchajiwa kila siku, aina ya pili ndiyo yenye faida. Aina hizi zisibadilishane chaja. Chaja ya volti 4.2 ikiunganishwa na betri ya LFP huijaza kupita kiasi na kuiharibu.

HESABU YA WATI-SAA

Maandishi makubwa kwenye betri huwa ni mAh, yaani miliampea-saa. Namba hiyo peke yake haimwambii mnunuzi kitu mpaka izidishwe kwa volti. Kanuni ni rahisi: gawanya mAh kwa 1,000, kisha zidisha kwa volti. Jibu ni wati-saa, na wati-saa ndizo saa za mwanga. Betri ya wati-saa 9 huwasha taa ya wati 1 kwa karibu saa 9, ukiacha upotevu mdogo.

Chukua betri ya duara inayoitwa 18650, inayotumika sana katika tochi na pawabenki. Jina lake ni vipimo vyake: kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Katika umbo hilo, hata viwanda bora duniani havivuki sana 3,500 mAh. Hata hivyo sokoni zipo zilizoandikwa 9,900 mAh. Maandishi hayo ni ya uongo, bila kuhitaji kipimo chochote. Tuseme betri ya namna hiyo ina 1,200 mAh halisi. Hizo ni wati-saa 4.4 tu. Ya pembeni yake iliyoandikwa 2,500 mAh kwa ukweli ina wati-saa 9.25. Mteja aliyevutwa na namba kubwa amepata chini ya nusu ya mwanga.

Pawabenki nayo ina hesabu yake. Iliyoandikwa 10,000 mAh huhesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, yaani wati-saa 37. Lakini kwenye waya hutoka volti 5, na nishati nyingine hupotea njiani. Zinazofikia simu ni kama wati-saa 30. Simu yenye betri ya 4,000 mAh huhitaji kama wati-saa 15. Kwa hiyo muuzaji mkweli humwambia mteja: itajaza simu yako mara mbili, si mara mbili na nusu.

REDIO NA BETRI NDOGO

Hapa ndipo wengi huunguza vifaa. Zipo betri za lithiamu zenye umbo sawa kabisa na betri ndogo ya kawaida ya redio au tochi, lakini volti zake ni 3.7. Redio ya betri mbili imetengenezwa kwa volti 3. Ukiweka mbili za aina hiyo unaipa volti 7.4, na inaweza kuungua. Betri hizo mara nyingi huandikwa 14500, na zisiuzwe kwa mtu wa redio.

Inayofaa ni ile iliyoandikwa 1.5 V, yenye saketi ndogo ndani ya kupunguza volti. Nyingi huchajiwa kwa waya wa kawaida wa simu. Mteja aelezwe mambo mawili. Kwanza, hazififii polepole kama betri kavu. Huwasha kwa nguvu ileile mpaka mwisho, kisha huzima ghafla. Pili, saketi hiyo huweza kuleta mkwaruzo kwenye redio inayosikilizwa kwa masafa ya kati au mafupi. Anayesikiliza FM pekee hasumbuki sana.

Tahadhari nyingine ni herufi moja. Betri hizi mara nyingi huandikwa mWh badala ya mAh ili namba ionekane kubwa. Iliyoandikwa 2,800 mWh, ukigawanya kwa 1.5, ni kama 1,870 mAh. Si uongo, lakini anayelinganisha namba bila kutazama herufi atadanganyika mwenyewe.

GHARAMA YA USIKU MMOJA

Tufanye mfano wa hesabu kwa taa mbili za sola zenye wati-saa sawa. Taa A ni ya kobalti, inauzwa Sh 20,000 na ina mizunguko 400. Taa B ni ya LFP, inauzwa Sh 35,000 na ina mizunguko 2,000. Familia ikitumia mzunguko mmoja kila usiku, betri ya taa A hufika mwisho baada ya mwaka mmoja na mwezi hivi. Ya taa B huenda miaka mitano na nusu.

Gawanya bei kwa usiku. Taa A inamgharimu mlaji Sh 50 kwa usiku mmoja. Taa B inamgharimu Sh 17.50. Iliyoonekana ghali ndiyo rahisi karibu mara tatu. Sharti ni kwamba sehemu nyingine za taa, yaani paneli, swichi na waya, nazo ziwe imara, kwa sababu betri ya miaka mitano kwenye swichi ya miezi sita haina maana.

Muuzaji anayeweza kufanya hesabu hii mbele ya mkulima, kwenye karatasi, hahitaji kushindana kwa bei ya chini.

HATARI YA GHALA

Sasa tuje kwenye mtaji. Betri ya lithiamu hupoteza uwezo kwa kukaa tu, na vitu viwili huharakisha hasara hiyo: joto na kukaa ikiwa imejaa. Makadirio yanayotumika sana katika ufundi wa betri za kobalti ni haya. Ikikaa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 ikiwa na chaji ya asilimia 40, hubaki na kama asilimia 96 ya uwezo wake. Ikikaa imejaa kwenye joto hilohilo, hubaki na kama 80. Kwenye nyuzi 40, yenye chaji ya asilimia 40 hubaki na 85, na iliyojaa hubaki na 65 tu.

Newala iko juu ya uwanda na ina ubaridi kiasi. Masasi iko chini, na ghala la bati lisilo na dari hufika kwa urahisi nyuzi 40 mchana. Tuseme mwenye duka amenunua taa 200 za kobalti kwa ajili ya msimu, akauza 120. Zimebaki 80, kila moja imemgharimu Sh 20,000, jumla Sh 1,600,000. Akiziacha zimejaa chaji chini ya bati mpaka Oktoba nyingine, theluthi ya uwezo huweza kuwa imepotea. Hiyo ni kama Sh 560,000 ya thamani iliyoyeyuka bila taa hata moja kuvunjika. Hasara hiyo haionekani kwenye daftari. Huonekana mteja anaporudi kulalamika.

Na msimu hauna dhamana. Oktoba 2024 mnada wa kwanza wa TANECU, chama kikuu cha Tandahimba na Newala, ulifikia Sh 4,120 kwa kilo. Lakini Novemba 2018, baada ya wanunuzi kutoa bei za chini, serikali ilitangaza kununua korosho yote kwa Sh 3,300 kwa kilo. Uhakiki ukafuata, na malipo ya wakulima wengi yakachelewa hadi mwaka 2019. Katika msimu wa namna hiyo mwenye nguo au sahani husubiri bila hasara kubwa. Mwenye betri za lithiamu husubiri huku mali yake ikipungua.

Kwa hiyo agiza kwa mafungu. Fungu la kwanza liwe dogo, la kutosha minada ya mwanzo. Fungu la pili liagizwe malipo yakishaanza kuonekana kwenye akaunti za wakulima. Kinachobaki mwishoni mwa msimu kipunguzwe bei na kitoke. Kisichotoka kikae mahali penye kivuli na hewa, kikiwa na chaji ya nusu au pungufu kidogo, na kikaguliwe kila baada ya miezi mitatu.

MAMBO SITA KABLA YA KULIPA

1. Soma aina. Kama kasha halisemi ni betri ya aina gani wala volti zake, acha.

2. Piga hesabu ya wati-saa. Namba isiyowezekana, kama 9,900 mAh kwenye 18650, ni sababu ya kukataa katoni nzima.

3. Pima uzito. Betri halisi ya 18650 ya kobalti huwa na gramu 45 hivi. Iliyo nyepesi mno ina upungufu ndani. Mizani ndogo ya dijitali inatosha.

4. Pima volti kwa mita. Betri mpya ya kobalti ikiwa dukani huonyesha kama 3.6 hadi 3.8. Iliyoshuka chini ya 2.5 imekaa mno na si ya kuuza.

5. Jaribu moja katika kila katoni. Ijaze, washa taa ya wati unazozijua, hesabu saa mpaka izime.

6. Dai stakabadhi yenye tarehe na alama za ubora. Tazama alama ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kwa taa za sola, tafuta jina la bidhaa katika orodha ya VeraSol, mpango uliochukua mwaka 2020 kazi ya ukaguzi iliyokuwa ya Lighting Global. Bidhaa bandia hulalamikiwa kwa Tume ya Ushindani.

USALAMA NA MABAKI

Betri iliyovimba haichajiwi tena, haitobolewi wala haibanwi irudi. Iwekwe kwenye ndoo ya bati yenye mchanga, nje ya nyumba. Wasia wa mwisho kwa mteja ni kwamba betri mbovu isitupwe motoni, kwa sababu hulipuka, wala shimoni. Kwenye uwanda wa Makonde maji ni ya shida tangu zamani, na kaya nyingi hutegemea maji ya mvua. Mwenye duka anayepokea betri kuukuu na kuzihifadhi kwa ajili ya wanunuzi wa vyuma na taka za umeme huwapa wateja sababu nyingine ya kurudi.

KWA MUHTASARI

Mnunuzi wa nyumbani atazame wati-saa na mizunguko. Mwenye duka aongeze swali la tatu: betri hii itakaa siku ngapi kwangu kabla ya kuuzwa? Korosho kavu husubiri ghalani bei ipande. Betri ya lithiamu haina subira hiyo.